Kompyuta Kuukuu Nyumbani: Tuitengeneze au Tuiachie Hapo?

(Maneno haya yalisemwa mbele ya makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia, kwanza Kitale, halafu Bungoma. Vikundi kadhaa viliomba yaandikwe ili wale ambao hawakufika wayasome.)



Tumeombwa tuzungumze juu ya kompyuta zilizozeeka. Watoto shuleni wanaiita tarakilishi, lakini hapa tutasema kompyuta, maana hata fundi ukimwambia tarakilishi atakuuliza ni kitu gani. Na leo hatusemi juu ya laptopu wala simu. Tunasema juu ya ile ya mezani: sanduku, skrini, kibodi na mausi, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma pale sebuleni.

Ziko nyingi. Tukipita vikundini kutoka Endebess hadi Kiminini, halafu kushuka Kamukuywa, Misikhu na Webuye mpaka Bungoma mjini, tunazikuta katika nyumba za walimu na za wastaafu, katika ofisi za vyama, hata kwa mwenye poshomili. Nyingi ni Dell OptiPlex au HP Compaq zilizotumika maofisini ng'ambo kabla ya kuletwa huku, zile tunazoita eksi-UK. Nyingine zilinunuliwa shule zilipofungwa Machi 2020, wazazi wakitafuta namna watoto wasome nyumbani. Nyingine zilitoka kwenye saiba zilizofunga milango kila mtu alipopata simu yenye intaneti.

Malalamiko nayo ni yale yale. Inachukua dakika kumi kuwaka. Ukifungua barua moja inaganda. Tarehe inarudi nyuma yenyewe. Fundi wa kwanza anasema ni memori, wa pili anasema badilisha madabodi, wa tatu anasema hii tupa, nina nyingine hapa nitakuuzia. Na pesa za kumlipa fundi huyo ni zile zile za karo na mbolea.

Hapo ndipo penye uzito. Katika Trans Nzoia pesa za mahindi huingia baada ya mavuno, kuanzia Oktoba hivi. Januari karo inazimeza. Machi ni mbegu na mbolea. Wenzetu wa miwa upande wa Bungoma wanajua kungoja malipo kuliko sisi sote. Kwa hivyo mtu akituambia "ni elfu tano tu," sisi tumwulize: elfu tano ya mwezi gani?

Tuchukue kipimo ambacho kila mtu hapa anakijua. Mwaka 2023 mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku uliwekwa kwa shilingi 2,500. Basi leo tutahesabu kwa mifuko. Kila kitu fundi anachotaja, tukigawanye kwa 2,500, tujiulize kama kina thamani ya mifuko hiyo. Mfuko mmoja ukikosekana shambani, Novemba utauona kwa macho.

Sasa, kabla ya mfuko wa kwanza kutoka, kuna kazi moja isiyo na gharama kubwa. Ni kunakili. Kila kitu muhimu kilicho ndani ya kompyuta hiyo kinakiliwe nje kabla bisibisi haijaguswa.

Tunalisema hili kwa sababu ya kikundi kimoja cha pande za Misikhu ambacho tulikitembelea. Hesabu zao zote za mikopo zilikuwa katika kompyuta ya katibu: nani amekopa, kiasi gani, riba gani, amelipa mara ngapi. Daftari la mkono walikuwa wameliacha kitambo, wakiona ni mambo ya zamani. Kompyuta ilianza kutoa sauti ndani, tik, tik, tik, kama saa ya ukutani. Waliendelea nayo wiki mbili. Siku ya tatu ya kupanda mahindi ikakataa kuwaka. Wanachama ishirini na tatu, na hakuna aliyejua kwa hakika nani anadaiwa nini. Wakaanza kukusanya jumbe za M-Pesa kwenye simu, mmoja mmoja. Wengine walikuwa wamezifuta. Wawili walisema wamemaliza kulipa, katibu akasema hawajamaliza. Wale wawili ni ndugu wa kuzaliwa, na huyo katibu ni shemeji yao. Mnaweza kufikiri vikao vile vilikuwaje. Kazi ile ilichukua miezi. Kompyuta yenyewe ilipona, iliwekewa diski nyingine. Kikundi hakikupona sawasawa. Familia moja ilitoka na haijarudi.

Sauti ile ya tik ni ya diski kufa. Mkiisikia, zimeni, msiendelee kuwasha na kuzima mkijaribu bahati, maana kila kuwasha kunaweza kuwa kwa mwisho. Kama bado inawaka, nakilini kwanza vile vya maana: hesabu, katiba ya kikundi, orodha ya wanachama, picha za arusi baadaye. Nakala moja kwenye flashi akae nayo katibu, nyingine akae nayo mweka hazina, katika nyumba mbili tofauti, kwa maana moto na wezi hawachagui. Na karatasi iliyochapwa kila baada ya miezi mitatu ikatiwa sahihi na wanachama watatu bado ni kitu kizuri sana, hata kama vijana watacheka.

Haya, tumenakili. Sasa tuangalie ugonjwa.

Kompyuta ikizeeka haichoki kama ng'ombe. Vipande vyake vingi hufanya kazi kwa mwendo ule ule vilivyotoka navyo kiwandani. Kinachobadilika ni mambo matatu au manne. Programu za leo ni nzito kuliko za 2012. Diski imechakaa. Vumbi limejaa. Na betri ndogo imekwisha.

Tuanze na hiyo betri, kwa sababu ni ya bei ya soda mbili tatu na inasumbua watu wengi bure. Juu ya madabodi kuna betri ya duara kama sarafu, imeandikwa CR2032, volti 3. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio wakati stima haipo. Ikiisha, kila ukiwasha kompyuta inarudi tarehe ya miaka ya nyuma. Ukifungua tovuti ya serikali kulipia au kuwasilisha ritani ya kodi, inakukatalia, inasema mahali hapa si salama. Si kwamba tovuti imeharibika. Kila tovuti ya namna hiyo ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani leo ni 2010 inakiona cheti kama kitu ambacho hakijazaliwa. Mzee mmoja mstaafu wa Kimilili aliambiwa anunue kompyuta nyingine kwa ugonjwa huu. Akabadilishiwa betri, akaweka saa sawa, akaenda zake.

Vumbi nalo, hasa letu hili jekundu la murram, huingia kwenye feni na kukaa kama blanketi. Joto halitoki, kompyuta inajipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue, au inajizima. Toeni waya wa stima ukutani, si kuzima swichi tu. Pelekeni sanduku nje, lifunguliwe, lisafishwe kwa brashi laini ya rangi iliyo kavu, ile mpya ambayo haijaguswa na rangi. Feni ishikiliwe kwa kidole isizunguke. Maji hapana, na kitambaa chenye unyevu hapana. Mkiwa hapo ndani angalieni vile vipipa vidogo vilivyosimama juu ya madabodi: kama vichwa vyake vimefura au vimetoa uchafu wa kahawia, madabodi inakaribia mwisho, na hapo msiongeze pesa kwa kitu kingine.

Kama vipipa ni vizima, tuje kwenye diski. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa kidogo inaleta tofauti kubwa.

Diski ya zamani ni sahani ya chuma au ya kioo inayozunguka, kwa kawaida mara 7,200 kwa dakika, na juu yake kuna kijiti kinachokimbia huku na huku kutafuta habari. Ni kama karani katika ghala anayekimbia kutoka rafu hadi rafu. Windows ya siku hizi inamtuma karani huyu mamia ya safari kabla hujaona hata picha ya mezani. Ndiyo maana ya zile dakika kumi. Diski mpya inayoitwa SSD haina sahani wala kijiti. Habari ziko katika vidonge vya umeme, kama ndani ya flashi lakini vya kasi zaidi, na hakuna kukimbia. Inatumia waya ule ule unaoitwa SATA ambao kompyuta za tangu 2006 hivi nyingi zinao. Hata madabodi yako ikiwa ya zamani isiweze kuifikisha kasi yake yote, bado utaona tofauti siku hiyo hiyo.

Ukubwa je? GB 240 au 256 inatosha familia na kikundi. Bei yake imekuwa kati ya mfuko mmoja na miwili, wakati mwingine hupita hapo. Tunasema hivyo kwa tahadhari, kwa sababu tangu mwisho wa 2025 bei za memori na za SSD zimepanda ulimwenguni. Viwanda vimeelekeza mali yao kwenye majumba makubwa ya kompyuta za akili mnemba, na Desemba 2025 kampuni ya Micron ya Marekani ilitangaza kwamba inaacha kuuza memori na SSD za Crucial kwa wanunuzi wa kawaida. Mambo ya huko mbali yanafika mpaka kaunta ya duka la Kitale. Kwa hivyo bei uliyoambiwa na binamu yako mwaka juzi isikufanye ugombane na mwenye duka. Ulizeni maduka matatu, wiki hiyo hiyo.

Na mtu akiwauzia SSD ya terabaiti mbili, yaani GB 2,000, kwa bei ya kuku mmoja, kimbieni. Ni kidude cha GB chache kilichofundishwa kusema uongo. Kinapokea mafaili yako yote vizuri, halafu ukirudi kuyasoma hayapo. Iko programu isiyolipiwa inayoitwa H2testw, inaandika diski mpaka ijae kisha inasoma tena. Mwambie fundi aiendeshe mbele yako kabla hujatoa pesa. Itachukua muda. Nendeni mkanywe chai.

Fundi anaweza kusema hakuna mahali pa kuifunga hiyo SSD maana ni ndogo kuliko diski ya zamani. Kijishikizo chake kipo na si ghali, lakini kwa vile ndani hakuna kinachozunguka, hata ikifungwa pembeni kwa skrubu mbili, kazi inafanyika.

Memori inafuata. Hii ndiyo meza ya kufanyia kazi. Meza ikiwa ndogo, vitu vinateremshwa sakafuni na kupandishwa tena kila mara. GB 2 ni kidogo mno kwa leo. GB 4 unaishi. GB 8 unapumua. Lakini memori ina aina, na aina haziingiliani. Itoeni iliyomo msome kibandiko chake: ikiandikwa PC2 ni DDR2, PC3 ni DDR3, PC4 ni DDR4. Kila moja ina pengo lake mahali tofauti, na ukilazimisha utavunja. Hizi eksi-UK za kati ya 2010 na 2014 nyingi zinatumia DDR3, ambayo hupatikana ikiwa imetumika, na kipande cha GB 4 mara nyingi ni chini ya mfuko mmoja. DDR2 ni adimu, na kwa hiyo wakati mwingine inauzwa ghali kuliko inavyostahili. Tena angalieni kama Windows yenu ni ya biti 32. Hiyo haiwezi kutumia zaidi ya GB 4 hata mkijaza.

Baada ya hapo, kwa familia ya kawaida, simameni. Kubadilisha prosesa hatushauri, maana lazima ilingane na soketi ya madabodi, na faida yake mtaitafuta kwa tochi. Kadi ya picha ndiyo ugomvi wa nyumbani. Kijana anaitaka, anasema ni ya masomo. Ni ya michezo, sote tunajua. Masanduku haya membamba ya ofisi hayana nafasi ya kadi kubwa, pawa saplai yake ni ndogo, na Dell na HP mara nyingi walitumia pawa saplai ya umbo lao wenyewe ambayo huwezi kuibadilisha na ya dukani yoyote. Kijana asikie hivyo kutoka kwa fundi, si kutoka kwa baba, maana baba ataitwa mchoyo.

Tuwaambie nyumba moja ya Kiminini ilivyofanya. Mama ni mweka hazina wa kikundi, baba analima, watoto watatu. Wana OptiPlex yenye prosesa ya i3, memori GB 4, na diski ya zamani. Waliambiwa madabodi imekwisha, watoe shilingi elfu tisa. Zaidi ya mifuko mitatu na nusu! Mama akasema tungoje kwanza. Wakaketi wote mezani na daftari, wakaandika kile kompyuta inachofanya: hesabu za kikundi, barua, mitihani ambayo jirani mwalimu anakuja kuichapa, maombi ya mkopo wa HELB wa mtoto mkubwa, ritani ya kodi kila mwaka kabla ya 30 Juni. Halafu wakaandika ingegharimu nini kuyafanya hayo yote mjini: nauli ya kwenda na kurudi, pesa za saiba, na siku nzima kupotea. Hapo wakaona kitu kina kazi. Sanduku likafunguliwa, likasafishwa. Diski ilipopimwa ikaonyesha dalili za kuchakaa. Desemba, baada ya kuuza magunia, wakanunua SSD peke yake. Memori ya pili hawakuigusa mpaka Agosti. Kwa jumla haikufika mifuko mitatu, na haikutoka mara moja. Sasa inawaka kabla chai haijamiminwa. Hatusemi imewatajirisha. Ilichookoa ni nauli, na Machi mbolea ilinunuliwa kwa wakati.

Mnaona walivyogawa? Huo ndio uzuri wa kompyuta ya mezani kuliko simu: unaweza kuitengeneza kipande kwa kipande, msimu kwa msimu, kama mtu anayejenga nyumba ya matofali.

Sasa liko swali la Windows, ambalo Bungoma lilituchukua saa nzima. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna waliodhani kompyuta zingezimika siku hiyo. Hapana. Maana yake ni kwamba matundu mapya yakigunduliwa na wezi, hayazibwi tena. Kwa watumiaji wa nyumbani kampuni ilitoa nyongeza ya mwaka mmoja ya marekebisho ya usalama, hadi Oktoba 2026, kwa waliojiandikisha. Windows 11 nayo inadai memori GB 4, diski GB 64, kidude cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chache sana. Kujua kizazi chenu, bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na R, andikeni msinfo32, kisha Enter. Mkiona kwa mfano i5-3470, ile 3 ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: cha tatu. Nyingi za kwetu ni cha pili, cha tatu au cha nne. Haziruhusiwi. Yapo maujanja ya kuiingiza kwa nguvu, na mafundi wanayajua, lakini Microsoft haikuahidi kuendelea kuzihudumia kompyuta za namna hiyo, na zile za Core 2 Duo haziwezi kuwaka na matoleo yaliyotoka kuanzia mwisho wa 2024.

Kwa nyumba kama hizi sisi tunapendelea Linux Mint. Hailipiwi, haihitaji maujanja, na inaridhika na memori GB 4. Ndani yake kuna LibreOffice ya kuandikia barua na kupigia hesabu, na Firefox ya kwenda kwenye intaneti. Fundi anaiweka kwenye flashi, mnawasha kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo na kuijaribu bila kugusa diski yenu. Kama printa yenu haikukubali, au kuna programu moja ya kazi isiyofanya kazi humo, mmejua kabla ya kubadilisha chochote. Itawachukua wiki mbili kuzoea, na babu atalalamika kwamba vitu vimehamishwa. Bado tunaona ni heri hivyo kuliko Windows ya kuibia, ile inayofunguliwa na programu ndogo kutoka kwa rafiki wa rafiki. Hiyo programu ndogo mara nyingi ndiyo mlango wa virusi, na kompyuta ile ile ndiyo mnayoandikia namba za siri.

Stima. Pande hizi zetu radi tunazijua, hakuna haja ya kuelezana. Wingu likikusanyika, toeni waya ukutani, na waya wa intaneti kama upo. TV gadi husaidia stima inapopanda na kushuka, lakini radi ikipiga karibu haiisimamishi. UPS ni nzuri kwa kikundi chenye hesabu nyingi. Kwa nyumba ya kawaida inakula mifuko miwili au zaidi, na betri yake huhitaji kubadilishwa baada ya miaka michache, kwa hivyo ifikirieni mwisho.

Tena pigeni hesabu ya token. Sanduku la zamani na skrini bapa hula wati 100 hivi. Saa nne kila siku ni uniti 0.4, kwa siku 30 ni uniti 12. Katika bei zilizoanza Aprili 2023, nyumba isiyopita uniti 30 kwa mwezi iliwekwa katika daraja la bei ya chini. Nyumba iliyokuwa ikitumia 22 ikiongeza 12 inafika 34, na hapo si zile 12 tu zinazoumiza, bei ya kila uniti inapanda. Mkitumia saa mbili badala ya nne mnabaki chini. Na ile skrini ya zamani yenye mgongo, hiyo inakula karibu sawa na sanduku lenyewe. Akipatikana wa kuwauzia skrini bapa iliyotumika, ibadilisheni mapema.

Je, lini tuiache? Ikiwa ni Pentium 4 au ina DDR2, iacheni, hata kama inawaka. Ikiwa vipipa vimefura, iacheni. Ikiwa jumla ya matengenezo inapita nusu ya bei ya nyingine iliyotumika lakini nzima, wekeni pesa hizo pembeni mnunue hiyo nyingine, na mkinunua tafuteni kizazi cha nane au zaidi ili isiwazeekee mara moja. Na kama katika ile orodha ya mezani hamkupata kazi tatu ambazo simu haiwezi kuzifanya, basi simu inawatosha. Hakuna aibu. Kuna nyumba tumeziambia hivyo, wakanunua mbuzi.

Kwa fundi nendeni wawili, na mkiweza mmoja awe mama wa nyumba au mweka hazina, mtu anayeogopa kutoa pesa. Fundi mzuri ni mali ya kijiji, mheshimuni, msimpunje ujira wake. Lakini kipande cha zamani kinachotolewa ni chenu, mrudi nacho nyumbani. Risiti iandikwe aina ya kipande na siku za kukirudisha kikiharibika.

Zaidi ya yote diski ya zamani isibaki dukani. Ndani yake kuna namba za vitambulisho vya wanachama wote, namba za simu na hesabu zao, na chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kikundi kina wajibu juu ya habari za watu. Ikiwa bado inafanya kazi, ifutwe kabisa, au itumike kutunza picha. Ikiwa imekufa, itobolewe kwa drili. Vyuma vingine msichome moto kupata shaba, kama vijana wanavyofanya nyuma ya soko. Moshi ule una sumu, na kioo cha skrini yenye mgongo kina risasi ndani yake, kisivunjwe karibu na kisima wala bustani ya mboga. Kikundi kikikusanya vya kutosha, viko vituo vya kuchakata, kama WEEE Centre ya Nairobi, vinavyopokea takataka za namna hii, na Computers for Schools Kenya, iliyoanza 2002, imefanya kazi kubwa ya kuzirudisha kompyuta zilizotumika mashuleni.

Wale wenye kompyuta za kufunguliwa, leteni sanduku na waya wake wa stima tu. Skrini, kibodi na brashi tunazo. Kila kikundi kije na flashi yake tupu, na yule anayeweka hesabu aje mwenyewe, asitume mtoto.